Sombe ya Harusi Niliyoipika Nimekaa

Wanangu, makaroni hutolewa majini kabla hayajaiva sawasawa. Naanza na hilo kwa kuwa ndilo nililoharibu kwanza. Makaroni yakishaingia kwenye kabati la moto, lile la kutunzia chakula joto, yanaendelea kujipika yenyewe, kimya kimya, na ukifungua mlango saa ya chakula unakuta uji. Mimi niliwahi kuwapa watoto wa shule nzima uji wa makaroni. Darasa la kwanza waliupenda sana, maana wengi wao hawakuwa na meno ya mbele.

Nawaandikia ninyi mnaoingia sasa kwenye majiko ya shule, ya nyumba za wazee na ya maofisi kule Kista, huku kwa Waswidi. Sisi tuliotoka Uvira, Bukavu na Bujumbura tumezifanya kazi hizo mpaka watu wakadhani tumezaliwa na mwiko mkononi. Binti yangu Mapendo ameniambia niandike mambo ya kazi tu, nisiwachoshe na habari za ugonjwa. Lakini mimi ugonjwa wangu nimeuelewa jikoni, na siwezi kusimulia kimoja nikaacha kingine. Mtanivumilia.

Aliyenifundisha kazi ni Ulla, mama wa Kiswidi wa Vällingby, mkavu wa maneno na mwenye mikono mikubwa. Kwetu Uvira nilikuwa nimeshapikia harusi na matanga, kwa hiyo nilipoingia jikoni mwa shule pale Rissne nilijiona sina la kufundishwa. Siku za mwanzo nilichemsha viazi vya shule nzima asubuhi na mapema, vyote kwa mpigo, nikavipanga kwenye masinia ya chuma, nikasimama kando yake nikijisikia fundi. Ulla akaja, akainua kifuniko, akaniuliza, "Faida, nani anakula saa hii?"

"Bado hakuna mtu."

"Sasa umempikia nani?"

Kisha akanionyesha. Fungu la kwanza la viazi linaingia kwenye mvuke pale watoto wadogo wanapoanza kupanga foleni. La pili unaliingiza ukiona sinia la kwanza limefika nusu. La tatu hulipiki mpaka ujue wale wakubwa wamekuja wangapi, maana wakubwa wakisikia leo ni samaki hukimbilia dukani kununua mandazi. Ukifanya hivyo, mtoto wa mwisho anakula kiazi kizuri kama cha wa kwanza, na wewe hubaki na rundo la kutupa. Nilitikisa kichwa kukubali, lakini moyoni nilikataa. Kwetu sufuria iliyojaa pomoni ndiyo heshima ya mpishi, na huyu mama alikuwa ananifundisha kupika kama mtu mwenye wasiwasi.

Yako mengine aliyonifundisha ambayo sikubishana nayo. Vijiko vya kuonjea viwe viwili, kimoja cha kuchotea na kimoja cha kutia mdomoni, visikutane. Sinia zito usilibebe, livute juu ya meza. Chakula cha mtoto mwenye mzio kipikwe kwanza, mikono ikiwa bado safi na kichwa kikiwa bado kimetulia. Hilo la mwisho liwekeni moyoni hata mkisahau makaroni.

Ugonjwa ulinikuta nikiwa mkongwe wa jiko lile, Ulla akiwa tayari amestaafu. Ulikuja kama homa ya kifua. Homa ikaondoka, uchovu ukabaki. Sisemi uchovu ule mnaoujua, wa kufika nyumbani na kujitupa kwenye kochi. Ule ukilala unaisha. Huu wangu nililala nao na kuamka nao. Nilishika kikombe cha chai kikawa kizito. Jina la mtu niliyefanya naye kazi jana nililitafuta nisilione. Halafu una ujanja mmoja mbaya: hauji siku ile ile. Leo unafanya kazi zako, unajisifu kwamba umepona, watu wanakusifu pia, na siku ya pili yake unakuangusha kitandani.

Daktari wa zahanati alisema ni uchovu sugu, kwamba hana sindano wala kidonge cha kuuondoa, na kwamba itabidi nijifunze kuishi nao. Nilimchukia daktari yule. Nilitoka pale nimefura kwa hasira, nikafika kituo cha basi nikalia, mama mzima, mbele ya watu waliokuwa wanatazama simu zao.

Kanisani kila mtu alikuwa na jibu lake. Mmoja akasema ni mawazo, mwingine akasema ni baridi. Mzee mmoja wa kutoka Bukavu akashikilia kwamba ni kwa sababu nimezoea mikate ya huku na kuacha bugali. Wote wakamalizia kwa kunishika mkono na kuniambia, "Bon courage, Mama Mapendo," yaani nijipe moyo. Nilikuwa na courage ya kutosha, ningeweza hata kuwagawia. Nilichokosa ni miguu.

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikipika kwenye sherehe zetu zote. Akibatizwa mtoto, akifiwa mtu, akija mchungaji mgeni, simu inapigwa kwangu. Kwa hiyo Mapendo alipomaliza chuo nikasema sitashindwa kumpikia binti yangu mwenyewe. Siku hiyo nilijisikia vizuri, na hapo ndipo mtego ulipokuwa. Nilisimama jikoni tangu alfajiri. Sombe ya majani ya muhogo, kuku, maharage, ndizi, bugali, vyote siku moja, vyote kwa mkono wangu. Watu walikula wakaomba tena. Nikacheza hata kidogo.

Siku ya pili yake Mapendo alinipigia kutoka kazini Kista. Simu ilikuwa juu ya mto, karibu na sikio langu. Niliisikia ikilia, nikaona jina lake, na sikuweza kuunyoosha mkono. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena. Alikuja na teksi, akafungua kwa ufunguo wake, akasimama mlangoni akiniita kama mtu anayeogopa kuingia. Nilikaa kitandani muda mrefu sana baada ya hapo. Uso wake wa siku ile nimeuona mara nyingi nikifumba macho.

Baada ya hapo zahanati ikanitumia mtaalamu wa kuja nyumbani, dada kijana, mpole, ambaye kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kufanya shughuli zao bila kujimaliza. Aliniomba nimtengenezee kahawa. Nikafurahi, nikadhani ni mgeni anayejua adabu. Kumbe alikuwa ananitazama. Nilipomwekea kikombe akaniuliza kwa upole, "Wakati maji yanachemka, kwa nini hukukaa?"

"Jikoni hakukaliwi," nikamjibu.

"Nani kasema?"

Nikamwongeza sukari. Baada ya muda wakaniletea kiti kirefu cha jikoni, chenye magurudumu na breki, cha kukalia huku unapika. Nikakitazama kama ninavyomtazama mtu aliyenitukana. Nikae jikoni kwangu kama mgonjwa? Nikakisukuma mpaka barazani, kikakaa huko theluji yote ya mwaka ule, na wakati mwingine njiwa walikipenda.

Riziki ndiye aliyekitoa. Riziki ni rafiki yangu wa Bujumbura, mfanyausafi, mcheshi, na hajui kunyamaza. Alikuja siku moja kunitazama, akakiona kupitia kioo.

"Dada, hiki kiti kimefanya kosa gani?"

"Ni cha wagonjwa."

Akafungua mlango wa baraza, akakipangusa theluji kwa kitambaa changu kizuri cha sahani, akakiingiza na kukikalia mwenyewe. Akazunguka nacho nusu duara mpaka kwenye jiko.

"Niambie kitu," akasema. "Mama yako, kule Uvira, alikuwaga anapika amesimama?"

Mama yangu hakuwahi kupika amesimama hata siku moja. Alikaa kwenye kigoda chake, sufuria chini kwenye mafiga, na akisonga bugali aliishika sufuria kwa nyayo huku mikono miwili iko kwenye mwiko. Chumvi mkono wa kulia, kuni mkono wa kushoto, mtoto mgongoni. Jirani akija anavuta kigoda kingine. Nikiinuka inuka bila sababu aliniambia, "Weye, unasimama kwenda wapi?" Alilisha nyumba nzima akiwa amekaa, na hakuna mtu Uvira aliyewahi kumwita mgonjwa wala mvivu.

"Wangu pia," akasema Riziki. "Sasa sisi nani alitusimamisha?"

Nafikiri ni jiko lenyewe. Jiko la huku ni refu, tukaliinukia, kisha tukaona watu wote jikoni wamesimama, tukaamini kuwa kusimama ndiko kufanya kazi. Nilicheka siku ile mpaka nikashika mbavu, na katikati ya kicheko machozi yakatoka. Riziki akanipisha kwenye kiti. Nilimenya vitunguu nimekaa, na vitunguu havikuona tofauti yoyote.

Hapo ndipo na Ulla aliponirudia kichwani, na viazi vyake. Miaka yote hiyo niliwapikia watoto kwa mafungu, sikuwahi kuupika mwili wangu hivyo. Nguvu zangu zote nilizitia sufuriani asubuhi, mtu wa mwisho kwenye foleni akawa ni mimi, na nilipofika hapakuwa na kitu.

Kazini nikaomba nusu siku, na kazi za kukaa: kumenya, kukata, kupanga vyakula vya wenye mzio. Mkuu wa jiko alikubali bila maneno mengi. Mimi ndiye niliyekuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikabaki na hotuba yangu mdomoni. Mkipewa mnachoomba, chukueni mwende zenu.

Jambo gumu kuliko yote ni kuacha kazi ukiwa bado una nguvu ya kuendelea. Mtu yeyote anaweza kuacha akiwa ameanguka. Mimi nilijifunza kwenye stesheni ya Rissne. Iko chini sana ardhini, na kila nilipofika jukwaani na kuona treni imefungua milango, nilikuwa nakimbia. Siku moja nikasema hapana. Nikakaa kwenye benchi, nikaiacha milango ikiwa wazi mbele yangu kabisa, ikaondoka, na mimi nikiwa na uwezo wa kuiwahi. Wanangu, nilijisikia kama mtu aliyeiba. Ikaja nyingine, tupu zaidi, nikapata kiti. Tangu siku ile nikawa naacha treni, mazungumzo ya simu, na wakati mwingine ibada nzima.

Sitawadanganya kwamba nilipata amani mara moja. Ziko siku niliona wivu nikimwona bibi wa rika langu akipanda ngazi na mifuko. Ziko siku nilimkaripia Riziki bure. Lakini nikaacha kuamka kila asubuhi nikijiuliza kama leo nimepona. Niliuliza tu leo kuna nini kwenye ghala, nikapika hicho.

Mwaka wangu wa mwisho wa kazi, Mapendo akaja kuniambia anaolewa. Nilimsemesha Kiswahili na yeye akanijibu Kiswidi, kama ilivyo kawaida yetu. Nikamwambia, "Sombe ya harusi nitaipika mimi." Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Mama, sombe ntapata hata kwa mtu mwingine. Mama mwingine sina. Nataka ukae mbele, unione. Na siku ya pili yake nikipiga simu, ushike."

Nikajua anarudi kwenye ile simu iliyolia juu ya mto. Nilitaka kumpa vyote viwili, sombe yangu na simu nitakayoishika, na kwa mara ya kwanza niliona njia. Nikampigia Ulla kule Vällingby, kumuuliza kama friza lake lina nafasi.

"Lina nafasi ya ng'ombe," akasema.

Sasa mnajua kwetu mambo yalivyo. Kumpa mgeni wa harusi chakula kilichopikwa jana ni aibu, na mama wa bibi harusi anatakiwa anukie moshi. Mimi nilianza kupika sombe ya harusi theluji ikiwa bado chini, na harusi ilikuwa ya kiangazi. Sufuria moja, kisha napumzika siku kadhaa, kisha sufuria nyingine. Sombe ya huku huja imetwangwa na kugandishwa, lakini msiharakishe nayo. Ichemsheni kwanza bila kifuniko, muda mrefu, uchungu utoke na mvuke. Mawese baadaye, na biringanya, na ndagala, wale dagaa wadogo, zilizooshwa vizuri. Vitunguu nilikata nimekaa. Sombe ilipokuwa ikitokota nilijilaza kwenye kochi, mlango wa jikoni wazi, nikiisikiliza. Nikisikia mlio unakuwa mzito najua maji yanaisha, naenda naongeza. Ikipoa, Riziki anaipakia kwenye makopo na kuipeleka Vällingby kwa basi. Ulla alionja kopo la kwanza bila kuniuliza. Akapiga simu kusema spinachi hii ina tabia nzuri.

Na hili nalo liwe siri ya kazi: sombe iliyolala ni tamu kuliko ya leo. Mama zetu wote wanajua, ndiyo maana huwa inabaki kidogo chini ya sufuria kwa ajili yao wenyewe.

Siku ya harusi nilikaa mbele. Watu waliposimama kuimba mimi nilikaa, nikasimama mara moja tu, bibi harusi alipopita. Alinitazama, nikamwona. Nilikuwa na macho ya kumwonea. Kwenye harusi nyingine zote nilikuwa nasikia vigelegele kutoka jikoni, kupitia mlango, na siku ile nilivipiga mwenyewe.

Ukumbini kwenye chakula, yule mzee wa Bukavu, yule wa mikate, alionja sombe akafumba macho. "Hii," akawaambia wa meza yake, "imepikwa leo asubuhi. Mtu wa kupika sombe unamjua hapo hapo." Riziki akanitazama, mimi nikatazama dari.

Bugali lakini halilali, linasongwa saa ile ile, na kazi hiyo niliwaachia Riziki na wenzake. Nilipoenda kunawa mikono nikapitia mlango wa jikoni. Bugali lilikuwa na madonge. Nililiona kwa mbali, mwiko unavyoruka. Mikono yangu ikaanza kuwasha. Palikuwa na kigoda, palikuwa na mwiko mwingine ukutani, na Riziki akageuka akaniona nimesimama pale na kitenge changu cha harusi, akajua ninachowaza.

"Twende, kaa," akasema. "Hawa watu wako na meno."

Nilirudi kukaa. Nililetewa sahani na mimi, bugali la madonge na sombe yangu, nikala katikati ya watu kwenye harusi ya binti yangu. Madonge niliyatafuna moja moja. Mtaona ni jambo dogo, lakini sijawahi kujisikia mwepesi namna ile tangu nilipoingia nchi hii.

Usiku ule nililala mapema kama nilivyopanga. Siku ya pili yake niliamka nikauangalia mwili wangu kama mtu anayesikiliza hatua kwenye ngazi. Uchovu ulikuwepo. Ulikuwa umekuja, ndiyo, maana hauachi kuja na mpaka leo haujaacha. Lakini haukunikuta nimejimaliza. Nikainuka, nikaweka maji ya kahawa, nikavuta kiti.

Simu ikalia. Niliishika kabla haijalia mara ya pili. Upande wa pili nikasikia Mapendo akivuta pumzi.

"Mama? Uko kitandani?"

"Niko jikoni."

"Umesimama?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nimekaa."